Gari la LEGO: la kuchezea au la kutazama?

Mhariri,

Mzazi anayechagua gari la LEGO kwa kutazama picha ya boksi tu anaweza kupoteza fedha. City na Speed Champions, aina mbili za seti za LEGO, ni matofali yaleyale ya plastiki, lakini hayakukusudiwa kazi moja.

Gari la City ni la kusukumwa sakafuni. Vipande vyake ni vikubwa, na likivunjika, mtoto wa miaka mitano hulirudisha mwenyewe.

Speed Champions, iliyoanza 2015, huiga magari halisi kama Ferrari na Porsche. Mwaka 2020 upana wake ulitoka vinundu 6 hadi 8 (vile vitufe vya juu ya tofali), yaani milimita 48 hadi 64, ikapatikana nafasi ya vijisanamu viwili vya LEGO kukaa sambamba. Mikunjo ya bodi hutokana na matofali yenye vinundu ubavuni. Vipande vidogo vya bampa na spoila hushikwa na kinundu kimoja au viwili, ndiyo maana hung'oka gari likigonga mguu wa meza. Tena pua iko chini mno kwa zulia.

Kero kubwa ni stika. Ya taa ya mbele ikikaa upande kidogo tu, sura yote ya gari imeharibika. Pangusa kipande, kidondoshee maji yenye sabuni kidogo, shika stika kwa ncha ya kisu, iteleze mpaka ikae sawa, kisha kamua maji kwa kitambaa. Iache ikauke kabla ya kuunga kipande.

Kwa mtoto wa chini ya miaka minane, nunueni City.

Mpenzi wa matofali