Mbona hamwandiki habari ya mkataba wa Dolly Parton?

Mhariri,

Naomba kanafasi kidogo. Kila zikiandikwa habari za Dolly Parton, yule mwimbaji wa Marekani, huwa zinaishia palepale, kazaliwa maskini, kaimba, kawa staa, basi, kama vile umaskini peke yake ndo ulimtoa.

Sibishi, dhiki ilikuwepo tena ya kweli kweli. Kazaliwa 1946 huko milimani Tennessee, Marekani, mtoto wa nne kati ya 12, kibanda chumba kimoja, na daktari aliyemzalisha mama yake akalipwa gunia la unga wa mahindi manake hela haikuwepo. Mama akamshonea koti la viraka, binti kaenda nalo shule anaringa, wenzie wakamcheka mpaka basi. Hicho kisa ndo alikuja kukiimba 1971 na mashairi yake aliyaandika nyuma ya risiti ya dobi wakiwa safarini kwenye basi, karatasi nyingine haikuwepo karibu.

Sasa njoo 1974. Wimbo wake wa I Will Always Love You, ule aliotunga kumuaga Porter Wagoner aliyekuwa anaimba nae kwenye tivii, ukashika namba 1 chati za kantri (ule muziki wa mashambani wa Marekani), na Elvis Presley, staa mkubwa wa enzi hizo, akautaka auimbe. Yani Elvis! Wengi wetu hapo tungesaini hata kabla ya kusoma. Meneja wa Elvis akasema sawa, ila nusu ya haki za wimbo iwe yetu. Dolly akagoma. Mwenyewe anasimulia alilia usiku kucha, lakini hakusaini.

Ikapita miaka 18, mwaka 1992 Whitney Houston akauimba kwenye filamu ya The Bodyguard, ukakaa namba 1 Marekani wiki 14, na ile nusu waliyoitaka kina Elvis bado ilikuwa mfukoni kwa binti wa koti la viraka. Hapo ndo pa kuandikia kurasa mbili jamani, sio wigi na kucha zake (ingawa wigi nazo ni habari, sikatai).

Kwahiyo mhariri mkituletea msanii mwingine aliyetoka kwenye dhiki tuambieni pia nyimbo zake anamiliki nani, alisaini nini na alikataa nini, maana habari za kulala njaa utotoni tumeshazisoma sana na zote zinafanana.

Msomaji wenu wa siku nyingi