Mjomba, korongo hili lina mlango wa chini

Shikamoo Mjomba,

Juzi kwenye simu ulinikatisha kabla sijamaliza. Nilikuwa nakuomba uje huku Ugiriki mwezi wa tano, tuvuke hadi kisiwa cha Krete tukaione Milima Myeupe, ukanijibu, "Mwanangu, magoti yangu niliyaacha Horombo," ile kambi ya Kilimanjaro. Kisha ukaanza kuniuliza habari za kazi, nami nikajua mjadala umefungwa. Neno lile limekaa na mimi siku mbili. Nakujibu leo, tena hadharani, kwa sababu wapo wajomba na mashangazi wengi waliokwisha kujiambia kwamba milima si yao tena.

Ninachotaka ujue ni kimoja. Korongo la Samaria, lililo kwenye milima hiyo, lina milango miwili, mmoja juu na mwingine chini. Watu husimuliana wa juu. Wako wewe ni ule wa chini.

Wa juu niliuingia mwenyewe mwaka jana. Nilipanda meli ya usiku kutoka bandari ya Piraeus, asubuhi nikawa Chania, mji wa Krete, basi likakata kona mpaka uwanda wa Omalos. Pale panapoitwa Xyloskalo, kama mita 1,230 kutoka usawa wa bahari, ardhi inakatika ghafla. Mbele yako limesimama jabali la Gigilos, jeupe, halina hata jani upande wa juu, na chini ya miguu yako njia inazama kwa vipinda katikati ya misonobari na misaipresi. Sisi wa Marangu tumezoea mlima unaokuchosha kwanza ndipo ukupe kilele. Huu unakuanzishia juu. Kutoka hapo hadi baharini ni kilomita 16, na za mwanzo ndizo zenye mteremko mkali kuliko zote.

Wewe uliyeshusha mizigo ya wageni kutoka Kibo miaka yote ile ndiye uliyenifundisha kwamba kupanda hula pumzi, kushuka hula magoti. Ulinifundisha pia kukaza kamba za viatu upya kabla ya kushuka, mguu usiende mbele ukagonga ncha ya kiatu. Sikukaza. Niliona vijana wananipita mbio nami nikaongeza mwendo, pole pole yako yote nikaiweka kando. Nilipofika katikati ya korongo kucha za vidole gumba zilikuwa zimekuwa nyeusi na mapaja yanatetemeka hata nikisimama. Mbele kidogo nilisogea pembeni kumpisha nyumbu, yule chotara wa punda na farasi, aliyembeba mama mmoja mtu mzima, kifundo cha mguu kimemvimba. Gari halifiki humo, Mjomba. Ukiumia, nyumbu ndiye gari lako la wagonjwa. Kwa hiyo sikuiti upite njia hiyo, na ningekukataza hata kama ungetaka.

Pale katikati kuna kijiji. Kilikuwa na watu mpaka 1962, korongo lilipotangazwa kuwa hifadhi ya taifa, wakahamishwa. Zimebaki nyumba za mawe, nyingine hazina paa, na mawe ya kusagia zeituni yamelala kwenye nyasi. Kuna kanisa dogo la mwaka 1379, la Maria wa Misri. Kwa Kigiriki wanamwita Osia Maria, na wenyeji wanasema jina la Samaria limetoka hapo. Nilikaa kwenye ukuta mfupi nikamfikiria yule mtakatifu kutoka upande wetu wa bahari, jina lake kulibeba korongo zima la Ulaya. Nikawafikiria na waliokuwa wakisali mle ndani, ambao siku moja waliambiwa kwamba kwao sasa ni kwa mbuzi mwitu. Najua korongo limepona kwa sababu hiyo. Bado nyumba zile ziliniuma.

Mbuzi wenyewe wanaitwa kri-kri. Mmoja alikuja mpaka hatua tatu kutoka nilipokaa. Ana rangi ya kahawia iliyofifia, mstari mweusi umepita mgongoni, pembe zimepinda kwenda nyuma kama mundu na zina vifundo ambavyo ungeweza kuvihesabu. Alinusa mkoba wangu, akaona hamna kitu, akapanda ukuta wa mwamba ambao mimi nisingeuwekea hata kidole. Hakuna jiwe lililodondoka.

Sasa njoo upande wako. Kule chini, korongo linapotokea kwenye Bahari ya Libya, kuna kijiji kinaitwa Agia Roumeli. Barabara ya gari haifiki. Watu huja kwa boti au kwa miguu. Mimi na wewe tutapanda boti Chora Sfakion, kijiji kingine cha pwani hiyo, upepo ukituruhusu. Tutalala Agia Roumeli usiku mmoja, watatupikia pai ya Sfakia, ambayo ni mkate mwembamba uliojazwa jibini laini na kumwagiwa asali, watatupa na chai ya malotira, majani wanayochuma huko juu milimani. Asubuhi tutaanza kutembea kuelekea juu taratibu. Njia ya upande huo haina ukali. Wanaoshuka kutoka Omalos hufika huku kuanzia mchana, hivyo saa mbili asubuhi korongo litakuwa letu na maji.

Kwa mwendo wako, baada ya saa moja na ushei tutakuwa kwenye Milango. Ndivyo wanavyopaita, si ile miwili ya kuingilia. Kuta mbili za mwamba zinasogeleana mpaka nafasi inabaki chini ya mita nne, na zenyewe zimepanda karibu mita 300. Mto unapita humo humo, wamewekea njia ya mbao juu yake. Nilipofika nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilipita nikitazama miguu yangu tu, na hilo ndilo ninalolijutia mpaka leo. Nilisimama mara moja, nikaweka kiganja kwenye ukuta. Jua lilikuwa kali huko nje lakini jiwe lilikuwa baridi kama mtungi, lina mistari iliyokunjwakunjwa, ya kijivu na nyeupe, kama khanga iliyoloweshwa na kukamuliwa. Upepo ukawa unatoka upande wa bahari. Juu kabisa, kwenye kile kipande chembamba cha anga, alipita tumbusi mmoja. Wewe utafika pale ukiwa na nguvu. Utakaa na kutazama kadiri unavyotaka, halafu tutageuza.

Kilele cha Pachnes, mita 2,453, tutakiangalia kutoka mbali. Kwako uliyezoea 5,895 za Kilimanjaro ni kimo cha kawaida, lakini huko juu ni mawe matupu; mvua na theluji vyote huzama kwenye miamba ya chokaa, unatembea siku nzima bila kukuta kijito. Tukiacha hicho hatupungukiwi.

Jioni tutakaa ufukweni, penye kokoto nyeusi. Ukielekeza uso kusini hakuna kisiwa kikubwa mbele yako, ni maji matupu kama kilomita 300, kisha Libya, kisha ni bara letu moja kwa moja mpaka nyumbani.

Nimeuliza: mwanzoni mwa mwezi wa tano mvua huweza kufunga njia, na mwezi wa saba na wa nane joto ni kali mno. Njoo wiki ya mwisho ya mwezi wa tano. Anza shughuli za viza mapema, barua ya mwaliko nitaituma wiki hii. Uje na ile fimbo yako ya mlimani, si ya kuchonga mpya. Viatu vaa vile ulivyovizoea, kamba tutazikaza pamoja.

Msalimie Mama mdogo na wote hapo nyumbani.

Mpwa wako,
Athens