Barua niliyoiweka ndani ya sanduku lako

Mwanangu mpenzi,

Ukiikuta barua hii ujue nimeiweka mwenyewe, kati ya sweta na shuka zako, usiku huu ambao umelala mapema kwa hasira. Shuleni simu haziruhusiwi, na kesho ndani ya basi najua hutanisemesha, basi nimeona niandike. Ukiisoma halafu maandishi yakaanza kucheza au kichwa kikagonga, iweke chini. Umalizie kesho. Haikimbii.

Utakapoifungua nitakuwa nimeshaonana na mwalimu wa michezo, nimemwomba jina lako lisiwemo kwenye timu ya raga ya fainali. Najua ulivyoamka alfajiri tangu Januari ukakimbia kwenye umande kwa ajili ya mechi hiyo, na sikulaumu kwa kununa.

Jumamosi ile ya nusu fainali, ulipomkaba yule kijana na goti lake likakupata juu ya sikio, wenzako wanasema ulinyanyuka ukaenda kujipanga upande wa wapinzani. Wakacheka, wakakugeuza, ukacheza dakika nyingine ishirini. Hakuna mtu mzima aliyekutoa. Mimi nilipigiwa simu Jumapili jioni, nikaambiwa "amegongwa kidogo tu". Nilipofika, jambo la kwanza uliloniambia ni, "Mama, sikuzirai, niko fiti." Nimevaa sare ya uuguzi miaka kumi na saba, na neno hilo "sikuzirai" ndilo lililoninyima usingizi, kwa sababu watu wengi wanaopata mtikisiko wa ubongo hawazirai hata kidogo. Kuduwaa, kusahau matokeo ya mechi, kujipanga upande usio wako, hizo zilikuwa dalili tosha za kukutoa uwanjani papo hapo na kutokurudisha tena siku hiyo.

Halafu ikaja ile karatasi ya CT, picha ya kichwa uliyopigwa hospitalini. Uliishika juu kama cheti: "Tazama, hakuna kitu!" Nami nilishukuru Mungu, maana picha ile hutafuta damu iliyovuja na mfupa uliovunjika, na vyote viwili hukuwa navyo. Ila haioni kilichokupata wewe. Ubongo ni kitu laini, umekaa ndani ya fuvu ukizungukwa na maji yake. Kichwa kikipigwa, au mwili ukipigwa kwa nguvu hadi kichwa kikachapwa huku na huku, ubongo husukwasukwa humo ndani. Nyuzi za neva huvutwa, chumvi zinazopaswa kubaki ndani ya seli hutoka nje na za nje huingia ndani. Kuzirudisha mahali pake kunataka nguvu nyingi, na wakati huohuo damu inayoleta nguvu hiyo huwa imepungua. Ndiyo sababu ulikuwa unasoma ukurasa mmoja wa historia mara tatu na kuchukia taa ya sebuleni. Hata ile kofia ya skramu, ile laini ya wachezaji wa raga uliyoniomba nikununulie, haizuii haya. Hulinda masikio na ngozi isichanike. Ubongo unasukwa vilevile.

Wewe unapenda pia kandanda, basi muulize babako kuhusu fainali ya Kombe la Dunia ya 2014 pale uwanja wa Maracanã, Brazili. Christoph Kramer wa Ujerumani aligongana na Ezequiel Garay wa Argentina dakika ya 17, akaendelea kucheza. Baada ya muda akamfuata refa, Nicola Rizzoli, akamwuliza kama mechi ile ndiyo fainali. Refa akadhani ni mzaha, kisha akaona si mzaha, akamwambia Schweinsteiger, mchezaji mwenzake Kramer. Kramer akatolewa dakika ya 31. Fikiria, mwanangu: fainali ya dunia, madaktari wako pembeni, mamilioni wanatazama, na mtu anacheza karibu robo saa bila kujua yuko wapi. Naye kama angeulizwa, huenda angesema yuko fiti. Kiungo kilichoumia ndicho kile kile kinachotegemewa kutoa taarifa. Kwa hiyo nisamehe, lakini neno lako peke yake silitumii kuamua.

Kisa kingine nilitaka nikufiche, lakini wewe ni wa Kidato cha Tatu sasa. Mwezi Mei 2013, huko Ottawa, Kanada, msichana wa miaka 17 aitwaye Rowan Stringer, nahodha wa timu ya raga ya shule yake, aligongwa kichwani mara tatu ndani ya siku sita. Alihisi kuna jambo. Alitafuta habari za mtikisiko wa ubongo kwenye simu yake, akawadokezea rafiki zake. Watu wazima hawakujua. Pigo la mwisho lilimkuta ubongo haujapona, ukavimba, akafariki. Mwaka 2018 jimbo la Ontario lilipitisha sheria yenye jina lake, inayotaka mchezaji anayeshukiwa kupata mtikisiko atolewe mara moja. Kifo cha namna hiyo hutokea kwa nadra sana, na zaidi kwa vijana wa umri wako. Sikuandikii ili uogope raga. Nakuandikia kwa sababu rafiki zake walijua, na rafiki zako walijua.

Nami sina haki ya kuwalaumu sana hao rafiki zako. Mjomba wako alikuwa golikipa mtaani kwetu. Siku moja alijigonga kwenye mlingoti, akabaki ameketi anaangalia mikono yake. Tulimmwagia maji ya baridi kichwani, akasimama, tukampigia vigelegele. Nilikuwa nashangilia kuliko wote. Miezi iliyofuata kichwa kilimuuma, akawa mkali wa ghafla, vitabu vikamshinda, na nyumbani tukamwita mvivu. Nilikuja kuelewa nikiwa chuo cha uuguzi, nimeshika kalamu darasani, nikashindwa kuandika.

Sasa mambo ya kufanya. Enzi zetu mgonjwa alifungiwa kwenye chumba cha giza siku nyingi. Wataalamu waliokutana Amsterdam mwaka 2022 wanashauri vingine: pumzika siku moja au mbili, punguza simu na televisheni, kisha anza kutembea taratibu hata kama kuna maumivu madogo. Masomo kwanza, michezo baadaye. Ukishatulia darasani, unaongeza mwendo, unakimbia peke yako, unarudi mazoezini bila kugusana na mtu, na kugusana kunakuja baada ya daktari kuridhika. Kila hatua angalau saa 24, na dalili zikizidi unarudi nyuma. Mwongozo wa Uingereza wa 2023 kwa wachezaji wasio wa kulipwa unasema hakuna mechi kabla ya siku 21, na mazoezi ya kugusana hayafikiriwi mpaka zipite siku 14 bila dalili yoyote ukiwa umepumzika. Fainali itakuwa siku ya 14 tangu ugongwe, na jana tu ulikuwa unaumwa kichwa. Hesabu hiyo hata ningetaka kuipinda haipindiki.

Usinywe panadol ili uonekane umepona. Ukiwa unaihitaji, bado hujapona.

Waambie pia wenzako wa bweni, maana najua walikuzuia kulala usiku kucha wakiogopa ukilala hutaamka. Walifanya kwa upendo. Lakini usingizi haudhuru. Kinachotakiwa ni mtu kuwa karibu nawe, hasa zile saa za mwanzo. Wakimwona yeyote anatapika, maumivu ya kichwa yanazidi, anaona vitu viwili viwili, shingo inauma, mkono au mguu unaishiwa nguvu, ana degedege, au anasinzia na haamshiki vizuri, wamwamshe matroni saa hiyo hiyo, hata iwe saa nane ya usiku, na apelekwe hospitali.

Ninachokuomba ni kimoja. Kwenye kurasa za mwisho za daftari lako la hesabu andika kila jioni namba, sifuri hadi kumi, kichwa kilivyokuwa siku hiyo. Andika ukweli, hata kama ni saba. Sitakugombeza kwa namba.

Siku ya fainali nitakuja. Nitaleta viazi karai na ukwaju, tukae wote pembeni ya uwanja. Kelele zikikuzidi niguse mkono, tutatoka.

Mamako