Ratiba ya matangazo mitandaoni ianzie stoo, si kwenye simu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wenye biashara ndogo: mafundi cherehani, waoka keki, wauza vitenge, wauza viatu vya mtumba na wengine wote wanaopata wateja kupitia Instagram, Facebook na WhatsApp. Ushauri wanaopewa kila kona ni mmoja, "posti kila siku", nao umewachosha wengi bure. Wiki ya kwanza zinatoka picha kumi, ya pili tatu, ya tatu ukurasa umelala. Halafu siku mbili kabla ya sikukuu picha zinamwagwa zote kwa mpigo, na wateja wanaojitokeza wanaambiwa nafasi zimejaa. Si uvivu huo. Kinachokosekana ni ratiba, na hata wanaojaribu kuipanga huanza na picha gani itoke lini, kabla ya kujua stoo kuna mzigo gani na nani atashika simu watu wakianza kuuliza.

Tuchukue fundi wa magauni na kanzu mwenye cherehani mbili, anayemaliza nguo nne kwa siku na kupumzika Jumapili. Idi el-Fitri hii anataka kushona nguo 60. Hizo ni siku 15 za kazi. Ukiingiza na Jumapili zinafika 17 au 18. Ongeza siku tatu za wateja kujaribisha na kurekebishiwa, maana nguo ya Idi ikibana begani haina kesho. Daftari la oda basi lifungwe zikiwa zimebaki siku 21. Wateja nao wanahitaji kama wiki mbili za kuona, kuuliza bei, kutafuta kitambaa na kutoa malipo ya awali. Jumla siku 35. Ramadhani yenyewe ina siku 29 au 30, kwa hiyo tangazo la kwanza la nguo za Idi linatakiwa litoke mwishoni mwa Shaabani, kabla mwezi haujaandama. Anayeanza kutangaza kumi la mwisho anaita watu ambao hawezi kuwahudumia, na watu hao hawasahau.

Hesabu hiyo ifanywe upya kila mwaka. Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 katika kalenda ya kawaida, hivyo ratiba ya mwaka jana ukiinakili ilivyo utachelewa. Na salamu za Idi zisipangiwe zijitume zenyewe. Ziandike, ziache kama rasimu, uzitume kwa mkono mwezi ukishatangazwa. Ni aibu ukurasa kusema "Idi Mubarak" wakati watu bado wamefunga.

Kila biashara ina hesabu yake ya namna hii. Muoka keki ambaye jiko lake linatoa keki sita kwa siku, na ambaye Jumamosi yote ni harusi na kitchen party, akifunga oda Alhamisi basi picha zake za kuuza ni za Jumatatu na Jumanne. Picha ya Ijumaa ni ya kujenga jina tu. Muuza sare za shule asisubiri Januari. Aanze mwanzoni mwa Desemba, kabla mshahara haujaishia kwenye sikukuu na nauli za kwenda mikoani. Tarehe zisizohama, kama Sabasaba 7 Julai na Nanenane 8 Agosti, ziandikwe mapema kwenye kalenda ya ukutani, pamoja na siku za mwisho wa mwezi ambapo mishahara inaingia.

Kifaa cha kwanza cha kazi ni daftari la kawaida la kurasa 96. Chora safu nane: siku, saa, mtandao, bidhaa, bei, idadi iliyopo, nani atajibu, na mwisho kilichouzwa. Safu ya sita na ya saba ndizo watu wengi hawazichori, na ndizo zinazookoa. Bidhaa iliyobaki moja haipangiwi tangazo la wiki ijayo. Iweke stetasi leo iuzike. Kwa biashara ya mtu mmoja, posti tatu kwa wiki za Instagram na Facebook zinatosha kabisa, na stetasi ya WhatsApp kila siku. Tatu zinazotoka mwaka mzima zina faida kuliko ishirini za mwezi mmoja.

Kazi yote ya wiki ifanywe kwa saa mbili, siku ambayo duka limepoa. Kwa wengi ni Jumatatu. Piga picha kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi, karibu na mlango au dirisha, jua lisipige bidhaa moja kwa moja, na usiwashe flashi ya simu: inang'arisha kitambaa cha satini mpaka rangi haijulikani, na mteja akipokea maruni badala ya nyekundu atarudisha. Futa lenzi kwanza. Simu inayokaa mfukoni au kwenye unga ina ukungu wa mafuta. Kila bidhaa ipate picha tatu: nzima, ya karibu inayoonyesha mshono au urembo, na moja ikiwa imevaliwa au imeshikwa ili ukubwa ujulikane. Kwa Instagram picha ya wima ya pikseli 1080 kwa 1350 inajaza skrini vizuri. Kwa stori na stetasi tumia 1080 kwa 1920, na maandishi yasikae juu kabisa wala chini kabisa, kwani hapo hufunikwa na jina la ukurasa na sehemu ya kujibu.

Maelezo ya picha yaandikwe siku hiyohiyo. Instagram inaruhusu herufi 2,200, lakini msomaji anaona mistari ya mwanzo tu mpaka abonyeze kusoma zaidi. Mstari wa kwanza basi useme kitu, bei na mahali: "Gauni la kitenge, saizi M hadi XL, Sh45,000, tupo Mbagala." Naomba nisisitize bei. Desturi ya "bei njoo inboksi" inaua biashara. Watu 30 wanauliza swali moja, wewe unajibu kumi, ishirini waliobaki wanaenda kwa jirani aliyeandika. Kama bei inategemea vipimo, andika inaanzia ngapi.

Kiungo ukikibandika kwenye maelezo ya posti ya Instagram hakibonyezeki. Kiweke kwenye wasifu wa ukurasa. Kiungo cha kumleta mteja WhatsApp huandikwa wa.me/255 ikifuatiwa na namba yako bila sifuri ya mwanzo, bila alama ya kujumlisha na bila nafasi. Sifuri ikibaki kiungo hakifungui mazungumzo, na hutajua, kwa sababu mteja aliyeshindwa haji kukwambia.

Kupanga muda hakuhitaji kulipia. Meta Business Suite, programu ya Meta, kampuni yenye Facebook na Instagram, ni ya bure na inapanga mitandao hiyo miwili kwa pamoja. Sharti akaunti ya Instagram iwe ya biashara na iunganishwe na ukurasa wa Facebook. Unatengeneza posti, unaweka picha na maelezo, na badala ya kuichapisha papo hapo unachagua kuipangia tarehe na saa. Instagram yenyewe nayo inapanga posti hadi siku 75 mbele. Posti ikishapangwa hivyo inakaa kwenye seva za kampuni, kwa hiyo itatoka hata simu yako ikizimika, bando likiisha au umeme ukikatika. Kuna programu nyingine ambazo haziposti, zinakukumbusha tu. Hizo zinataka simu iwe hewani. Hakikisha unatumia ipi.

Sasa kosa ambalo ni letu sisi tunaozungumza Kiswahili. Mtu amekusudia saa 2 usiku, wateja wakiwa wamekula na wameshika simu, anachagua 2:00. Posti inatoka saa 8 usiku wa manane, na asubuhi imeshafukiwa na za wengine. Saa 2 usiku kwenye simu ni 20:00. Saa 12 jioni ni 18:00, wakati 12:00 ya simu ni saa 6 mchana. Saa 1 asubuhi ni 07:00. Weka simu kwenye mfumo wa saa 24, andika daftarini saa zote mbili, na baada ya kupanga fungua kalenda ya posti uangalie kila moja imekaa upande gani wa siku. Wanaouzia ndugu zetu wa Muscat wakumbuke kule wako mbele yetu kwa saa moja.

Muda mzuri ni ule ambao wewe upo. Takwimu za akaunti ya biashara zitakuonyesha wafuasi wako wako mtandaoni saa ngapi, lakini kama saa hiyo uko kwenye daladala au unalaza watoto, isogeze. Saa moja baada ya posti kutoka ndiyo yenye maswali mengi, na mteja asiyejibiwa hangoji. WhatsApp Business inasaidia hapa: tengeneza majibu ya haraka, ukiandika /bei linakuja jibu zima la bei, /vipimo yanakuja maelezo ya kujipima kifua, kiuno na urefu, /malipo inakuja Lipa Namba na jina litakalotokea. Jina hilo ni muhimu. Mteja akiona jina asilolitarajia anaogopa tapeli na anaacha kulipa.

Kuhusu orodha ya matangazo ya WhatsApp (broadcast), inayotuma ujumbe mmoja kwa watu wengi, kila mmoja kivyake, watu wengi wanatuma wakidhani umefika. Orodha moja inachukua namba 256, na ujumbe unawafikia tu waliohifadhi namba yako kwenye simu zao. Dawa yake iko kaunta: mteja akilipa, mwombe ahifadhi namba, muulize kama anapenda kupokea picha za mzigo mpya, andika jibu lake. Usiwarundike kwenye grupu, maana huko kila mtu anaona namba ya mwenzake. Na tafadhali, programu za WhatsApp zisizo rasmi zinazoahidi kupanga ujumbe ujitume zinaweza kusababisha namba yako ifungiwe, na namba hiyo ndiyo imeandikwa kwenye bango, mifuko na risiti zako.

Picha za wateja wakiwa wamevaa nguo ulizowashonea huuza kuliko zote, ila ziombwe ruhusa, na ombi na jibu vibaki kwenye maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023, nayo haimwachi nje mwenye duka dogo. Picha za watoto mimi ningeshauri ziachwe kabisa.

Posti iliyopangwa haijui kilichotokea. Asubuhi ya Jumamosi, 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo na watu wakafukiwa chini ya kifusi. Tangazo la "Jumamosi ya ofa Kariakoo" lililopangwa tangu Jumatano lingetoka vilevile, na emoji za kucheka juu yake. Kila asubuhi, kabla ya kufungua duka, sikiliza taarifa ya habari kisha pitia posti mbili zinazofuata. Bidhaa ipo? Bei haijabadilika? Nchi ina msiba? Dakika tano zinatosha, na anayefanya kazi hiyo awe mtu mmoja anayejulikana. Kama ukurasa ulifunguliwa na mpwa wako kwa akaunti yake, jiweke wewe kuwa msimamizi leo, kabla hajapata kazi mkoa mwingine.

Baada ya wiki nne soma safu ya mwisho ya daftari. Kila anayenunua aulizwe ametuona wapi, piga mstari mmoja kwenye Instagram, Facebook, stetasi au "kaletwa na mtu". Laiki 200 zisizoleta oda hata moja zisikudanganye mbele ya stetasi iliyotazamwa na watu 40 ikauza magauni matatu. Punguza kinachokula muda bila kuuza, hata kama ndicho kinachosifiwa.

Ndugu Mhariri, nina maombi mawili. La kwanza ni kwako: ukurasa wa biashara uchapishe kila mwisho wa mwezi kalenda ndogo ya siku 60 zijazo, yenye sikukuu, kufungua na kufunga shule na maonyesho, ili mfanyabiashara aikate na kuibandika ukutani. La pili ni kwa halmashauri. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, inatanguliwa na mafunzo kwa vikundi. Maofisa maendeleo ya jamii waweke humo nusu siku ya daftari hili la safu nane, wanakikundi wakiwa na simu zao mkononi, na kila kikundi kisiondoke kabla hakijapanga posti za wiki mbili na kuzihakiki saa zake.

Msomaji wako,
Temeke, Dar es Salaam