Familia za wanajeshi waliotekwa wapewe habari

Mhariri,

Naomba nafasi niseme hili la wanajeshi waliotekwa vitani, maana familia nyingi zinazungushwa tu, leo njoo kesho, na hakuna anayewaambia kwamba habari za ndugu yao ni haki sio fadhila. Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949 unasema mateka, ndani ya wiki moja baada ya kufika kambini, apewe nafasi ya kuandikia nyumbani kadi moja na nyingine iende kitengo cha kutafuta watu cha Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Kadi yenyewe fupi, anasema katekwa, yuko wapi na afya yake ikoje, lakini kwa mama ambaye hajui alie msiba au aendelee kungoja, hicho kikaratasi ni kila kitu jamani!

Kwa hiyo mwenye ndugu aliyepotea vitani asikae tu, aende ofisi ya Msalaba Mwekundu au Hilali Nyekundu iliyo karibu afungue ombi la kutafutiwa mtu, abebe jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, namba ya jeshi, kikosi, na wapi alionekana mara ya mwisho. Na msimpe hela mtu anayedai ana orodha ya majina, huduma ile ni bure kabisa.

Serikali zinazoshikilia mateka nazo zitoe majina, mnaficha nini? Hata barua, mkataba unataka zisipungue mbili na kadi nne kwa mwezi, waacheni waandike.

Msomaji wako