Jina la Fort-Dauphin lina mwenyewe

Mhariri,

Naomba nafasi nisahihishe makala ya safari mliyoichapisha juma lililopita kuhusu Fort-Dauphin, mji wa kusini mashariki mwa Madagascar. Mwandishi anasema mji uliitwa hivyo kwa sababu ya pomboo wanaocheza ghubani, kwa kuwa dauphin kwa Kifaransa ni pomboo. Si kweli, na inaniuma kuona historia nzima ya bahari yetu hii ikifutwa kwa sentensi moja tamu.

Dauphin kilikuwa cheo cha makabaila wa Albon, waliotawala milima ya Alps kuzunguka Grenoble. Wa kwanza kuitwa hivyo ni Guigues wa Nne, aliyefariki mwaka 1142. Warithi wake wakalishika jina hilo kama cheo, pomboo akachorwa kwenye ngao yao, nchi yao ikaitwa Dauphiné. Wafalme wa Ufaransa walikuwa hawana lao hapo. Cheo walikinunua.

Muuzaji alikuwa Humbert wa Pili. Mwanawe André, aliyetarajiwa kumrithi, alikufa angali mdogo. Humbert alitapanya mali kwenye anasa za ikulu, kisha akaenda kuongoza vita vya msalaba huko Smyrna (Izmir ya leo, Uturuki), na mkewe akafia safarini. Akarudi na madeni, hana mrithi. Mwaka 1349 alimkabidhi nchi yake Charles, mjukuu wa mfalme, mvulana wa miaka 11, naye mwenyewe akavaa kanzu ya watawa wa Kidominiko. Mvulana huyo ndiye baadaye Mfalme Charles wa Tano. Kuanzia hapo Dauphin kikawa cheo cha mwana mkubwa wa mfalme wa Ufaransa, na wa mwisho kukishika alikiacha mwaka 1830. Binafsi namhurumia Humbert: ukoo wake ulizimika, cheo chake kikabaki kupamba watoto wa ukoo mwingine.

Watoto hao ndio walioachiwa majina ng'ambo. Ngome ya Madagascar ilianzishwa mwaka 1643 na watu wa kampuni ya biashara ya Kifaransa chini ya Jacques Pronis, ikaitwa kwa heshima ya mtoto tunayemjua kama Louis wa Kumi na Nne. Baba yake alifariki Mei mwaka uleule, kwa hiyo Dauphin huyo akawa mfalme kabla hajatimiza miaka mitano. Wafaransa waliihama ngome hiyo mwaka 1674, jina likabaki.

Mji wa Dauphin huko Manitoba, Kanada, una mwenyewe mwingine. Jina lake linatokana na ngome ya mwaka 1741, na anayekumbukwa ni mwana wa Louis wa Kumi na Tano, ambaye hakuwahi kutawala. Kaunti ya Dauphin, Pennsylvania, iliundwa mwaka 1785 Wamarekani wakiishukuru Ufaransa kwa kuwasaidia vitani dhidi ya Uingereza. Hiyo ni ya Louis Joseph, mwana wa Louis wa Kumi na Sita, aliyefariki mwaka 1789 akiwa na miaka saba tu.

Naomba basi mchapishe masahihisho. Na mkiandika tena habari za mji huo wa Madagascar, tangulizeni jina la Tôlanaro, ambalo ndilo la Wamalagasi wenyewe, kisha mtaje Fort-Dauphin na mtoto aliyepewa heshima hiyo.

Msomaji wenu,
Tanga