Mhariri, msiwazuie mabinti, wafundisheni simu ya saa tatu

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Naandika kutoka Kirumba hapa Mwanza, mi ni muuza vitenge na gazeti lenu tunasomaga hapa kijiweni karibu na Mwaloni, mmoja akimaliza anampa mwenzake. Sasa kuna barua ya msomaji mmoja mliyoitoa imenikaa moyoni mpaka leo. Alisema mabinti wanaopanda ndege wenyewe kwenda Afrika Magharibi kufata mzigo wanajitakia matatizo na wazazi wawazuie. Sikubaliani nae kabisa. Nimeshaenda Accra kule Ghana mara tatu, zote mwenyewe, na ile safari ya kwanza ilibaki kidogo tu nisirudi, ila aliyetaka kuniondoa hakuwa mwizi wala tapeli, ni bahari. Na hakuna mtu hata mmoja aliyenionya kuhusu bahari.

Kabla sijaondoka kila mtu alikuwa na la kusema. Mama mdogo alilia, jirani akasema huko wanatoa watu figo, dada mmoja sokoni akaniambia wataninywesha dawa nikiwa nimekaa. Nikaenda nimejaa hofu mpaka kooni lakini kichwani sina kitu cha kunisaidia, yaani hata gharama ya teksi kutoka eapoti sikuijua, na nadhani ndivyo mabinti wengi wanavyoondoka hapa.

Mambo ya karatasi nayapitia haraka. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano lazima uwe nayo, choma angalau siku 10 kabla ya safari, ukichoma mara moja inatosha maisha yote, na usiitupe ukishafika kule maana ukirudi nyumbani wanaweza kukuuliza pia. Malaria ipo kama huku kwetu, beba neti au dawa ya mbu, na ukirudi ukapata homa mwambie daktari ulikuwa wapi.

Safari ya kwanza nilitua Kotoka, eapoti ya Accra, usiku. Nimetoka tu nje kijana mmoja akashika begi langu kabla sijasema neno, mwingine ananivuta huku, nikapanda gari la wa tatu kwa sababu tu ndo alikuwa mpole, sikukubaliana nae bei, sikuangalia namba ya gari, simu haina laini. Nilifika salama ila nililipa hela ambayo ningelala nayo siku mbili. Siku hizi naagiza gari kwenye simu nikiwa bado ndani kwenye mwanga, kwa intaneti ya pale eapoti, nikifika kwenye gari naangalia namba kwanza, nakaa siti ya nyuma, afu nampigia mdogo wangu namsomea namba ya gari kwa sauti dereva akisikia. Haijalishi haelewi Kiswahili, namba anaielewa.

Teksi za mtaani za kule kona za bodi zimepakwa rangi ya njano, na hazina mita, kwahiyo bei mnapatana ukiwa umesimama chini, sio ukishakaa. Na kuna kitu kinawachanganya wageni, ukiingia kwenye teksi tupu dereva anahesabu umeikodi yote, wewe unadhani ni ya kushea kama michomoko ya huku, mwisho wa safari ni ugomvi. Uliza kwanza. Daladala zao wanaita trotro, konda wanamwita meti, ananing'inia mlangoni anaita "Seki! Seki! Seki!" maana yake anaenda Circle, pale kwenye mzunguko wa Kwame Nkrumah. Nazipenda sana maana zimejaa akina mama na watoto wa shule, mchana nazipanda bila wasiwasi, ila ukishuka Circle au Kaneshie watu ni wengi kama stendi siku ya sikukuu, begi mbele, simu ndani, ukitaka kuangalia ramani ingia dukani.

Sasa nije Makola, lile soko la Accra, ndo sababu ya mimi kwenda. Vitenge vya chapa ya GTP vinatengenezwa Tema, mji wa bandari jirani na Accra, lakini mi nanunua Makola kwa wale akina mama. Lile soko lipo tangu 1924 na wanalishika wanawake, mwaka 1979 wanajeshi walilibomoa kabisa kwa madai kwamba wafanyabiashara wanapandisha bei, na wale mama wakarudi wakaanza upya. Ukiwaona unaelewa kwanini walirudi. Mama niliyenunua kwake alinipa kigoda nikae, akanionyesha jinsi yeye anavyogawa hela sehemu tatu, ya nauli mfukoni, ya mzigo kiunoni ndani ya nguo, na nyingine anaijua mwenyewe. Afu akaniuliza swali ambalo sijaulizwa na mtu Mwanza nzima. Nani anajua uko hapa sasa hivi? Nikasema mdogo wangu anajua niko Ghana. Akanitazama akasema mwanangu, Ghana ni kubwa.

Nilimwitikia tu nikaondoka, sikulichukulia uzito. Kesho yake ndo nikaelewa.

Ilikuwa Jumanne. Mzigo nimeshafunga, ndege ni Alhamisi, nikasema niende baharini maana mi ni mtoto wa ziwa, nimejifunza kuogelea hapa Kirumba nikiwa na miaka saba, nimeogelea mpaka kwenye mitumbwi ya watu na kurudi, maji siyaogopi. Simu nikaiacha gesti isije ikaibiwa. Nikachukua teksi mpaka ufukweni, mawimbi yalikuwa makubwa lakini katikati niliona sehemu imetulia, mawimbi hayavunjiki pale, rangi yake imekoza kidogo. Nikaona hapa ndo pa kuogea. Nikaingia mpaka kifuani, na kabla sijafanya chochote mchanga ukaondoka chini ya miguu na nikaanza kwenda, sio kuzama, kwenda, kama mtu kanifunga kamba kiunoni ananivuta kuelekea Brazil. Nikageuka nikaanza kuogelea kurudi kwa nguvu zangu zote. Kila nikiinua kichwa nchi kavu iko mbali zaidi. Mikono ikaisha. Nikameza maji ya chumvi, nikakumbuka mwanangu amelala kwa bibi yake na kwamba hakuna binadamu anayejua niko hapa, mdogo wangu anajua niko Ghana.

Kijana mmoja nchi kavu alikuwa anapiga mluzi na kutupa mikono pembeni, pembeni, pembeni, sio kuniita nirudi. Sikuelewa ila nguvu za kurudi sikuwa nazo tena, nikalala chali nikaacha yanibebe, nikawa napiga miguu kuelekea upande kama mtu anayetembea sambamba na ufukwe. Baada ya muda, sijui dakika ngapi, ule mvuto ukaachia, nikaingia kwenye mawimbi yanayovunjika na yenyewe yakanisukuma mpaka mchangani. Nilitapika pale nikalia.

Yule kijana ndo alinielewesha na naomba kila binti wa ziwa alisome hili mara mbili. Mawimbi yanaleta maji mengi ufukweni, yale maji lazima yarudi, na yanarudi kwa njia moja nyembamba kama mto unaotoka kwenda baharini. Pale yanaporudi ndo panaonekana pametulia, ndo pale nilipopachagua mimi. Hayakuzamishi, yanakupeleka, na watu wanakufa kwa kuchoka wakishindana nayo. Usishindane, elea, pita pembeni mpaka utoke kwenye ile njia, afu rudi na mawimbi. Ziwa letu lina mambo yake, hapa Mwanza nani asiyejua, tumezika watu wa MV Bukoba 1996 na wa MV Nyerere 2018, lakini hiki kitu ukikulia kuogelea hapa Kirumba hukijui. Kule bahari ni Atlantiki iliyo wazi, mawimbi yanatoka mbali sana, mwaka mzima.

Akaniambia lingine. Jumanne wavuvi wa kabila la Ga, wale wenyeji wa Accra, hawaendi baharini, ni mwiko wao wa tangu zamani, bahari inapumzika. Nikakumbuka huku kwetu wavuvi wa dagaa nao wanapumzika mbalamwezi ikiwa kamili, tofauti ni kwamba sisi ni kwa sababu taa hazivuti dagaa. Kwahiyo siku ile hapakuwa na mtumbwi hata mmoja majini wa kuja kunichukua. Ningeuliza mtu yeyote pale ufukweni kabla ya kuingia angeniambia.

Nilivorudi gesti nilimpigia mdogo wangu tukaweka utaratibu ambao tunao mpaka leo na huo ndo nilitaka kuuandika, hayo mengine yamekuja yenyewe. Tunauita simu ya saa tatu. Ghana wako nyuma yetu masaa matatu, kwahiyo saa tatu usiku ya Mwanza ni saa kumi na mbili jioni ya Accra, na jua linazama mida hiyohiyo karibu mwaka mzima. Saa hiyo lazima niwe nimefika ninapolala na nimpigie, sio meseji, sauti. Asubuhi namwandikia naenda wapi, mtaa gani, kwa nani. Yeye kwenye daftari, daftari la karatasi sio simu, ana jina la gesti na namba ya mapokezi, namba ya yule mama wa Makola, picha ya pasipoti yangu na namba ya ndege. Nisipopiga, saa tatu na nusu anapiga gesti, saa nne anampigia mama wa Makola, na mama wa Makola ameshaambiwa na amekubali, na yeye akiwa pale pale Accra ndo wa kupiga polisi 191 au ile ya dharura zote 112. Mwaka jana nilichelewa kwenye foleni ya kutoka Tema na chaji imeisha, nafika gesti mpokeaji kasimama mlangoni ameshika simu, dada, ndugu yako anakutafuta. Sijawahi kujisikia mtu wa watu kama siku ile.

Halafu hili la masaa liangalieni vizuri. Sisi tunahesabu saa kwa jua, wao wanahesabu kwa Kizungu. Nilimwambia dereva anifate saa mbili asubuhi, kichwani kwangu Kiswahili, mdomoni nikatamka mbili, nikakaa barabarani na mabegi yangu mpaka nikaelewa atakuja saa nane mchana. Kwenye makubaliano yoyote ya usafiri andika tarakimu kwenye karatasi mwonyeshe.

Usiku kule tatizo mojawapo ni mifereji. Pembeni ya barabara nyingi kuna mfereji wa zege ulio wazi, mwingine unafika kiunoni, na umeme ukikatika, wanaita dumsor yaani zima-washa, hauoni kitu. Tochi iwe mfukoni. Na mwanaume akikuuliza uko peke yako, jibu ni kaka yangu ananisubiri hapo chini, basi, huo sio uongo wa kujutia. Mapokezi wakitaja namba ya chumba chako kwa sauti mbele za watu omba ubadilishiwe, mi nimefanya hivo na wamenielewa.

Lakini watu wa kule ni wema Mhariri, nataka hili nalo litoke. Salimia kwanza kabla ya kuuliza bei, toa na pokea kwa mkono wa kulia, wa kushoto wanaona ni dharau, omba kabla ya kupiga mtu picha, na utaona soko zima linakulinda. Wamama wa Makola hawakunijua lakini nikipita jioni wananifukuza kwa upendo, nenda kwako giza linaingia.

Ndo maana nasema msomaji wetu yule amekosea. Ukimzuia binti ataenda kwa siri, na anayeenda kwa siri hana wa kumpigia saa tatu. Naomba Mhariri mtoe nafasi kwa wanaosafiri kufata mzigo, wa Accra, wa Kampala, wa Guangzhou, waandike walichojifunza kwa miguu yao, hata kama barua haijanyooka kama hii yangu.

Kuna binti wa Igogo anaondoka mwezi ujao kwenda Accra, safari yake ya kwanza. Kwao wameshindwa kumkatalia na wameshindwa kumbariki. Jana nimempa namba ya mama wa Makola, nikamchorea mchangani jinsi maji yanavyorudi baharini, na daftari lake nimebaki nalo mimi.

Muuza vitenge,
Kirumba, Mwanza